Vitamini E kwenye masalia ya mafuta ya alizeti: tuitenge wenyewe?

Swali: Kiwanda chetu kipo Singida, tunasafisha tani 20 za mafuta ya alizeti kwa siku. Mtambo wa kuondoa harufu unatuachia uji mzito wa kahawia, nasi tunawauzia watengeneza sabuni kwa bei ya kutupa. Tumeambiwa una vitamini E. Tununue mtambo wa kuitenga?

Jibu: Vitamini E imo, tena ya alizeti ni nzuri: karibu yote ni alfa-tokoferoli, aina ambayo mwili huihifadhi kuliko nyingine. Humo humo mna steroli za mimea, zile zinazotiwa kwenye majarini za kupunguza lehemu. Mvuke unaopita kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 200 na ushei, hewa ikiwa imefyonzwa, hauchagui: ukiondoka na harufu, huondoka na hivyo pia.

Lakini piga hesabu. Tuseme masalia ni asilimia 0.3 ya mafuta: kilo 60 kwa siku. Tokoferoli, yaani hiyo vitamini E, ikiwa asilimia 6, ni kilo 3.6, kabla ya upotevu. Ili kuitenga, asidi za mafuta hugeuzwa esta, umbo linalovukizwa kwa urahisi zaidi, kwa methanoli, steroli hugandishwa kwa baridi na kuchujwa, kisha kinachobaki hukenekwa kwenye ombwe kali mno, kikiteremka kama utando mwembamba juu ya ukuta wa moto kwa sekunde chache tu. Kwa kilo 3.6, mtambo wa namna hiyo haulipi. Anayekushawishi ununue, muulize anauza nini.

Peleka sampuli maabara kwanza. Kama asidi hizo za mafuta mnaziondoa mapema kwa kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni), masalia yenu huenda yakawa na tokoferoli nyingi. Kama mnaziondoa kwa mvuke, zinaishia humo na kuizimua. Pima na viuatilifu, maana navyo hujikusanya hapo. Kwa hiyo msiyape mifugo. Yawekeni kwenye mapipa yasiyo na kutu wala shaba, yajae hadi juu, yakae kivulini, mkitafuta mnunuzi anayekusanya kutoka viwanda vingi.

Mimi ningeanza na ule ute mnaoutoa kwa maji mwanzoni. Ukikaushwa siku hiyo hiyo kwenye ombwe, kabla haujachacha, unakuwa lesithini ya alizeti, kiungo kinachosaidia vitu kuchanganyika, na watengeneza chokoleti wanaokwepa soya wanaitafuta.