Milioni nane za shule: nunueni nafasi ya walimu kufanya kazi pamoja

Mleta mada, umesema wewe ni mjumbe wa bodi ya sekondari ya kata yenye wanafunzi kama 600 na walimu 25. Wahitimu wa zamani wamechanga milioni nane na bodi imegawanyika: wengine wanataka projekta na kompyuta, wengine wanataka motisha kwa walimu ambao masomo yao yanafaulisha. Umeuliza pesa hizo zitumikeje ili walimu wabuni mbinu mpya na waache kufundisha kila mtu kivyake. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, na kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa taaluma kwenye shule inayofanana na yenu. Nitaeleza tuliyoyafanya na yaliyotusaidia.

Kwanza zipimeni hizo pesa kwa kipimo cha zile mnazozizoea. Elimu bila malipo ilipoanza hapa Tanzania Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari ilipangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwaka, nusu ikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu na nusu ikiingia kwenye akaunti ya shule. Kwa wanafunzi 600 hiyo nusu ni milioni 7.5 kwa mwaka, sawa na 625,000 kwa mwezi, na humo zinatoka chaki, karatasi, mitihani, umeme, michezo na ukarabati mdogo. Kwa hiyo wahitimu wenu wamewapa kwa mkupuo zaidi ya ruzuku inayoingia shuleni kwa mwaka mzima. Ni nafasi adimu sana. Mkizigawa kidogo kidogo kwa kila idara ili kila mtu aridhike, hazitaonekana.

Kanuni niliyoisimamia mimi ni moja: pesa iwekwe mahali ambapo mwalimu hawezi kufaidika nayo bila kukaa na mwenzake. Motisha ya somo moja inafanya kinyume kabisa. Mwalimu wa Kemia akijua analipwa kwa alama A za Kemia, atamchukua mwanafunzi jioni ya Hisabati, na maswali yake mazuri atayafungia kwenye droo.

Sisi tulianza na chumba. Kulikuwa na stoo ya madawati mabovu karibu na ofisi ya walimu, tukaisafisha, seremala wa hapo mtaani akatengeneza meza ndefu za kuunganisha, tukavuta umeme na kuweka kabati lisilo na kufuli. Humo ndani tukaweka mashine ya kudurufu. Kabla ya hapo mitihani yetu ilikuwa inachapwa steshenari mjini, gharama kubwa na wasiwasi wa kuvuja kila mara, kwa hiyo tulikuwa tunatoa mitihani michache na mazoezi karibu hakuna. Mashine ilipokuja, kila mwalimu alikuwa na sababu ya kuingia kile chumba. Anakuja kudurufu zoezi lake, anamkuta mwenzake anadurufu la kwake, wanaanza kuulizana. Usidharau hayo mazungumzo.

Ila kilichobadilisha shule hasa ni usahihishaji. Waliowahi kuitwa kusahihisha mitihani ya Baraza la Mitihani wanaujua utaratibu wake: hupewi darasa zima, unapewa swali, unalipitia hilohilo kwenye karatasi nyingi, kisha karatasi zinasogea kwa mwenzako. Tukauleta utaratibu huo kwenye mitihani ya mwezi. Walimu wa Hisabati tukakaa meza moja, kila mtu na swali lake kwa mikondo yote ya kidato cha kwanza.

Mimi nikapewa swali la namba hasi. Mkondo baada ya mkondo nilikuta wanafunzi wameandika kwamba −3 − 5 ni 8. Haikuwa uzembe. Walikuwa wamekaririshwa kwamba hasi na hasi ni chanya, sheria ya kuzidisha, wakaibeba hadi kwenye kutoa. Mkondo mmoja tu haukuwa na kosa hilo. Nikamuuliza mwalimu wake, kijana aliyekuwa na muda mfupi kazini, akasema hakuwahi kuwapa ule msemo. Alikuwa amewaandikia daftari la madeni ya duka: unadaiwa elfu tatu, umekopa tena elfu tano, sasa unadaiwa ngapi? Hakuna mtoto atakayekujibu kwamba sasa una akiba ya elfu nane. Wiki iliyofuata sote tulifundisha upya kwa daftari lile. Mbinu ilikuwa shuleni kwetu muda wote, chumba cha pili kutoka kwangu, na nisingeijua kamwe kama kila mmoja angeendelea kusahihisha karatasi zake nyumbani.

Sasa ratiba, ambayo hailipiwi senti lakini ndiyo inayofanya pesa zizae. Serikali kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inataka kila shule iwe na jumuiya ya ujifunzaji ya walimu. Nimezitembelea shule ambapo jumuiya hiyo inaishi kwenye daftari la kumbukumbu tu, na siwalaumu walimu. Kikao kinaitwa saa nane mchana, watu wamesimama darasani tangu asubuhi, hawajala, na wengine wanakaa mbali. Sisi tulipanga ratiba kuanzia kwenye kikao: Jumatano vipindi viwili vya mwisho walimu wote wa sayansi na Hisabati hawana darasa, Alhamisi ni zamu ya lugha na masomo ya jamii. Vipindi vingine vikapangwa kuzunguka hapo. Anayepanga ratiba atakwambia haiwezekani; mpe daftari na siku mbili, itawezekana.

Na chakula. Walimu 25 kwa shilingi 2,000, mara moja kwa wiki, wiki 36 za masomo, ni milioni 1.8. Kuna mjumbe atasema mnakula pesa za wanafunzi. Mwambieni mwalimu mwenye njaa anaangalia saa, hatazami andalio la somo la mwenzake. Lakini msilipe posho ya kikao. Posho ikizoeleka, siku inapokosekana kikao kinakufa, na nimeona kikifa hivyo. Chakula tulikigharamia kwa mwaka wa kwanza tu. Baadaye walimu waliamua wenyewe kuchanga, kwa sababu walishaona kwamba kazi iliyokuwa inawala wikiendi nzima inaisha kwa mchana mmoja.

Wakenya walilijua mapema hili la pesa ndogo isiyokatika. SMASSE, mradi wao wa kuimarisha Hisabati na sayansi sekondari ulioanza 1998 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, uliendesha mafunzo ya walimu wa Hisabati na sayansi wilayani kwa fungu dogo lililotengwa kwenye karo za shule.

Tengeni pia mfuko wa majaribio, hata wa milioni moja tu. Mwalimu aombe hadi laki moja, ila ombi liwe la walimu wawili wa masomo tofauti, nusu ukurasa, likijibiwa ndani ya wiki. Hapa ndipo nilipoona ubunifu ambao mimi mwenyewe nisingeuwaza. Mnajua mtoto anatoka shule ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili, Januari anakutana na Biolojia ya Kiingereza. Mwalimu wa Biolojia na wa Kiingereza waliomba karatasi na wino. Wakatengeneza vijitabu vya kusoma, mada za Biolojia zilezile za kidato cha kwanza lakini kwa sentensi fupi, na zikawa ndizo habari za ufahamu kwenye vipindi vya Kiingereza. Mada ya seli ilipofika kwenye Biolojia, wanafunzi walikuwa wameshakutana na maneno yake. Wale wa Fizikia na Jiografia walinunua vipimajoto na kutengeneza kipimamvua cha chupa. Wanafunzi wakapima wenyewe na kuchora grafu kwa takwimu za kijijini kwao. Yapo majaribio ambayo hayakuzaa kitu, na hakuna aliyedaiwa kurudisha pesa. Sharti lilikuwa kuwaeleza wenzake kilichotokea, basi.

Kwa milioni nane zenu ningegawa hivi: milioni nne chumba na mashine iliyotumika lakini nzima, 1.2 iwekwe pembeni kwa wino na fundi, 1.8 chakula, moja mfuko wa majaribio. Lile fungu la wino na fundi msiliguse hata mkipungukiwa kwingine. Mashine bila wino ni fanicha.

Kuhusu projekta na kompyuta, sizipingi. Angalieni kwanza mlichonacho. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipelekwa kwa walimu, na Taasisi ya Elimu ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure. Mara nyingi kinachokosekana ni intaneti ya uhakika. Kifaa kidogo cha intaneti ndani ya kile chumba, kikilipiwa kila mwezi, kitaviamsha vishikwambi ambavyo tayari mnavyo.

Jambo moja la kuwa makini nalo ni woga. Mwalimu akiingiliwa darasani anadhani anakaguliwa. Kwetu tulikubaliana kwamba anayeenda kutazama somo la mwenzake habebi fomu yoyote, anakaa na wanafunzi na kuandika wanafunzi wanafanya nini, wanakwama wapi. Mkuu wa shule alikuwa wa kwanza kualika walimu kwenye kipindi chake cha Historia. Baada ya hapo hata mzee wetu wa Jiografia, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alifungua mlango, na mbinu zake za ramani zikawa za idara nzima.

Kwenye bodi, pitisheni kila kitu kwa muhtasari, manunuzi yafuate utaratibu, risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, ziwepo, na taarifa ibandikwe ubaoni pale wazazi na wahitimu watakapoisoma. Wahitimu wakiona pesa yao ilikoenda, mwakani ni rahisi kuwaomba tena.

Niandikie hapa mna mikondo mingapi kwa kila kidato, walimu wangapi kwa kila somo, na kama umeme upo au mnategemea sola. Nitawatengenezea mfano wa ratiba yenye hivyo vipindi viwili vya pamoja, mkuu wenu wa shule na mwalimu wa taaluma waupitie kabla ya bodi kukaa.