Wale 212 Walioninyima Kazi

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nina masters ya takwimu na GPA nzuri, mbona nafasi za msaidizi wa utafiti zinanipita tu?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Huyo ni mimi wa 2019.

Mwaka huo niliitwa kwenye usaili wa mradi wa afya ya uzazi. Kwenye CV nilikuwa nimejaza "Stata: mahiri", yaani ile programu ya kuchambua takwimu. Umahiri wenyewe ulikuwa semina ya siku mbili, chai na sambusa zikiwemo. Chuoni nilizoea kubofyabofya SPSS, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Tukapewa data za wanawake wa miaka 15 hadi 49 na muda wa saa mbili. Swali la kwanza: wangapi wamesoma zaidi ya miaka 7? Amri ya mstari mmoja, jibu hilo hapo. Nikatabasamu.

Mama mmoja wa jopo akainamia skrini yangu. "Hawa 212 ambao swali la elimu hawakulijibu, wamesoma lini?"

Kwa asiyejua: pasipo na jibu, Stata huweka nukta, na nukta hiyo kwake ni kubwa kuliko namba yoyote. Ukiitisha "zaidi ya 7", wasiojibu nao wanaingia darasani. SPSS na R (nayo ni programu ya takwimu) haziko hivyo. Kisha yule mama akataka kuona kodi niliyoandika, yaani zile amri nilizoipa kompyuta (si ile ya TRA). Sikuwa nimeihifadhi popote. Mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto.

Nikahamia R, kwa sababu ni ya bure na mfuko ulikuwa mtupu. Miezi ya kuhangaika siisimulii. Kilichonisaidia ni data za DHS, zile tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu: nilijisajili, nikaeleza mada yangu, wakakubali, nikapakua bila malipo. Chukua jedwali moja la ripoti ya DHS ya Tanzania ya 2022, lijenge upya mwenyewe kutoka kwenye data. Safu ya v005 ndiyo uzito wa sampuli (namba inayofanya waliohojiwa wawakilishe nchi sawasawa), igawe kwa 1,000,000. Asilimia zako zisipolingana na za ripoti, hujamaliza, rudi. Na andika kodi, ihifadhi. Ndugu zangu, acheni kukusanya vyeti vya semina! Narudia: andika kodi, ihifadhi.

Mwezi uliopita nimepata nafasi. Kwenye usaili nilianza na jedwali la wasiojibu kabla hata sijaulizwa. Mmoja akataka kujua nani kanifundisha. Nikasema mama mmoja, jina lake sikulipata.