Zaburi ya 35 isomwe mpaka mwisho

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: Mkristo aliyeamriwa na Yesu awapende adui zake afanye nini na zile Zaburi zinazoomba adui waangamie? Mkaongeza na dogo mwishoni: je, zinafaa kusomwa mbele ya watoto? Bila shaka wengi watawajibu kwamba hayo ni ya Agano la Kale, yamepitwa na wakati. Mimi nasema zisaliwe, tena zisaliwe nzima. Madhara huja pale mtu anapochomoa aya moja na kuiacha nyingine.

Huku kwetu hazijapitwa hata kidogo. Nenda kokote, kuanzia hapa Muheza mpaka Mombasa, utampata mtu wa kukunong'oneza kwamba ukidhulumiwa usome ya 35 usiku wa manane, na mambo yakizidi upande mpaka ya 109. Wapo wanaoisoma kwa kutaja jina la mtu, na wapo wanaoweka chumvi au bilauri ya maji mezani wakati wa kuisoma. Ukimwambia mtu "nitakusomea Zaburi", hakuna anayedhani unamtakia faraja.

Katika umoja wa akina mama wa kanisa letu, mama wawili waliozoea kukaa benchi moja waligombana kwa ajili ya upatu. Mmoja ndiye aliyekuwa kijumbe, anayekusanya michango na kuigawa kwa zamu. Mwenzake zamu yake ilipofika akaambiwa hela haijatimia, kuna waliochelewesha, avumilie. Akavumilia mpaka akachoka. Kuanzia hapo ugomvi tukawa tunausoma kwenye stetasi za WhatsApp. Alfajiri: "Ee Bwana, utete nao wanaoteta nami." Kabla ya chai jibu limeshapanda upande wa pili: "Siku zake na ziwe chache." Chini yake mishumaa na maua ya waridi. Halikutajwa jina la mtu, na kanisa zima lilijua nani anaambiwa. Jumapili wakikutana mlangoni, "Tumsifu Yesu Kristo, mama," "Milele, amina, mama," mikono inashikana na macho yanatazama kwenye maembe.

Padre hakumwita yeyote ofisini. Jumatano kwenye jumuiya, badala ya Injili ya Jumapili inayokuja, alisema leo tunasoma Zaburi ya 35, aya zote 28, kila mtu aya moja kwa kuzunguka. Tulianza kwa sauti kubwa, maana mwanzo wake unapendeza kwa mtu mwenye kisirani: ngao, mkuki, adui wawe kama makapi mbele ya upepo. Aya ya 13 ikamwangukia bibi mmoja aliyesahau miwani nyumbani. Akakisogeza kitabu mbali na uso, akasoma neno moja moja, kwamba hao hao anaowaombea mabaya, walipougua, nguo yake ilikuwa gunia. "Gunia," akarudia, kuhakikisha ameona sawa. Aya inayofuata inasema aliinama na kuhuzunika kama mtu anayemlilia mama yake.

Kumbe anayesali Zaburi ya 35 ni mtu aliyewahi kufunga kwa ajili ya adui zake walipokuwa wagonjwa. Hilo ndilo linalompa uso wa kusimama mbele za Mungu na kusema wamenilipa mabaya kwa mema. Asiyewahi kumpelekea mwenzake hata uji anaomba haki kwa hati ya mtu mwingine. Nami sijaona hata siku moja mtu akiweka aya ya 13 kwenye stetasi.

Msidhani siku ile walikumbatiana. Mmoja aliacha kuandika, mwingine akahamia Zaburi ya 91, ambayo angalau haimtaji mtu. Hela ililipwa kidogo kidogo mpaka ikaisha, kwa sababu wazee wa kanisa walikaa chini na daftari la kijumbe wakapiga hesabu mstari kwa mstari. Nalisema hili kwa makusudi, kwani kuna upole fulani wa kikanisa unaotaka aliyedhulumiwa asali na anyamaze ili sisi wengine tusisumbuliwe. Zaburi hazina upole wa namna hiyo.

Chukueni "Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza." Imo kwenye kalenda, kwenye kanga, kwenye kadi za pole. Ni aya ya 22 ya Zaburi ya 55, na mzigo unaotajwa humo ni rafiki msaliti. Aliyenitukana si adui, anasema, ningevumilia. Ni wewe, mtu mwenzangu, tuliyetembea pamoja nyumbani mwa Mungu. Kwa maneno mengine, ni ugomvi wa watu wa kanisa. Katikati yake anaomba mauti iwapate hao kwa ghafula, washuke kuzimu wangali hai. Tumeikata ile ya kalenda tukaacha hiyo, halafu tunashangaa mtu mwenye uchungu akisema maneno ya Biblia hayamgusi.

Lililo kubwa kwangu ni nani anayesikia. Zaburi hizi ukali wake wote unaelekezwa kwa Mungu, naye anaachiwa aamue. Paulo alifanya hivyo hivyo mwishoni mwa Waraka wa Pili kwa Timotheo: Aleksanda mfua shaba alimtenda ubaya mwingi, na Bwana atamlipa kwa kadiri ya matendo yake. Hakumalizia na mpango wa kumkomoa. Anamwonya Timotheo ajihadhari naye, na aya mbili mbele anawaombea waliomkimbia siku ya kesi wasihesabiwe hatia. Neno hilo hilo la Aleksanda ukilibandika mahali ambapo Aleksanda atalisoma, limeshakuwa kijembe.

Na ile ya 109 inayoogopwa kuliko zote, waliosoma mpaka mwisho ni wachache. Mwanzoni maadui ni wengi. Kuanzia aya ya 6 hadi ya 19 anayelaaniwa ni mtu mmoja, kisha wanarudi kuwa wengi, ndiyo maana baadhi ya wataalamu wa Biblia wanaona kwamba laana zile ni maneno ya maadui yanayonukuliwa na mwenye kusali. Aya ya 28 inawapa nguvu: "Wao walaani, bali Wewe utabariki." Nakiri upande wa pili una hoja pia, kwani Petro katika Matendo 1:20 anaitumia aya ya 8 juu ya Yuda bila kusita. Lakini vyovyote utakavyosoma, angalia shitaka lenyewe katika aya ya 16. Mtu yule analaaniwa kwa kuwa hakukumbuka kutenda fadhili, alimwandama maskini na mhitaji.

Hapo ndipo huwa napunguza sauti. Dada wa kazi ambaye mshahara wake unasogezwa kila mwezi, fundi aliyemaliza kupaua akaambiwa aje wiki ijayo, mpangaji aliyetupiwa vyombo nje mvua ikinyesha, hao pia wana Biblia na usiku wanasali. Inawezekana kabisa kwamba katika Zaburi ya mtu fulani jina langu ndilo lililoko upande wa adui. Nikilikumbuka hilo ninaposoma, ulimi unaanza kuwa na adabu kabla sijafika aya ya mwisho. Sijui njia nyingine ya kujifunza upole inayofanya kazi haraka hivyo.

Ya 137 ni habari nyingine, sitaki kuichanganya na upatu. Wababeli waliuteketeza Yerusalemu mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, wakawachukua watu mateka, na aliyeandika anaketi kando ya mito ya ugenini huku waliomteka wakimtaka awaimbie. Inaisha na watoto wa Babeli kupigwa mwambani. Wakatoliki katika Liturujia ya Vipindi ya mwaka 1971, kitabu chao cha sala za kila siku, waliruka aya hizo za mwisho, na Zaburi za 58, 83 na 109 wakaziacha kabisa. Nawaelewa. Ila nafikiri kuna watu wanaohitaji ziwepo. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma ilianza kupokea Wakongo 1996, na Warundi wakaingia kwa maelfu kuanzia 2015, na miongoni mwao wamo waliofanyiwa watoto wao yale yale ambayo sisi tunaona haya kuyasoma kanisani. Mtu wa namna hiyo akimwambia Mungu anachotamani, bila kushika panga, anatimiza wema ambao mimi sijawahi kudaiwa. Nisimfundishe maneno laini. Na mimi nisiazime maneno yake kwa sababu ya hela ya upatu.

Kwa upande wangu nafuata mgawanyo wa zamani wa Kianglikana, unaopitisha Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Uzuri wake ni kwamba huchagui. Siku ya furaha unaweza kuangukiwa na ya 88, ile inayoishia gizani bila hata neno moja la matumaini, ukamsalia mtu mwingine aliye humo. Jioni ya tarehe 10 inakuja ya 55, na ya 109 inakuja jioni ya tarehe 22, uwe na adui au huna. Mara nyingi tarehe 22 sina, nami naisoma kwa ajili ya yule dada wa kazi. Ikiwa ninaye, namtaja kwa Mungu kwa jina lake lote, namalizia na "Atukuzwe Baba" kama inavyomaliziwa kila Zaburi, kisha simu naiweka chumba kingine mpaka asubuhi.

Kuhusu watoto, zisomeni. Wa Sande skuli yetu wanajua Daudi alimkata Goliathi kichwa, wanaigiza kila mwaka na kichwa chenyewe wanakitengeneza kwa boksi. Watakaohangaika na ya 137 ni wazazi.

Msomaji wenu, Muheza