Kijana tunayemlea anatimiza miaka 18

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Mwanga, hapa Kigoma, na kwa miaka 9 tumemlea kijana aliyeletwa kwetu na afisa ustawi wa jamii. Amemaliza kidato cha nne, na miezi minne ijayo atatimiza miaka 18. Mashemeji zangu wanasema muda wa malezi ya kambo umekwisha, aende akajitafutie. Sitaki aondoke mikono mitupu. Nianzie wapi?

JIBU: Mama, mashemeji zako wameshika nusu ya jambo. Ni kweli kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, lakini kukoma kwa usimamizi wa serikali si amri ya kumtoa nyumbani. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka huohuo, inataka kijana aandaliwe mapema na aendelee kusaidiwa hata baada ya kuondoka.

Anza na nyaraka, tena wiki hii. Bila namba ya NIDA hatasajili laini ya simu kwa jina lake, na katika mkoa wetu wa mpakani waombaji huulizwa kwa kina habari za wazazi wao na mahali walikozaliwa, maswali ambayo kijana aliyelelewa nje ya ukoo wake hukwama nayo kuliko wenzake. Tafuta cheti chake cha kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi ikiwa wamefariki, na barua ya ustawi wa jamii inayoeleza alivyofika kwenu. Kisha linganisha majina herufi kwa herufi na vyeti vyake vya shule, kwa sababu hata herufi moja ikipishana inaweza kumrudisha dirishani mara tatu.

Suala la fedha ndilo wazazi wengi tunalichelewesha, kwa huruma. Mkabidhi fedha ya mboga na umeme wa Luku ya wiki nzima, aende mwenyewe Kibirizi kununua dagaa, aandike matumizi kwenye daftari. Zikiisha siku ya Alhamisi, usimwongezee. Kaeni mezani mlipitie daftari pamoja, bila kumgombeza, kwa kuwa kosa hilo ni bora alifanye kwako kuliko kwa mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Kuhusu ufundi, mpeleke VETA aone karakana kabla hamjamchagulia fani.

Mwisho, mwite pamoja na mume wako na hao mashemeji, mumweleze waziwazi atakaa hapo hadi lini, na kwamba akishahama, akiugua au akikosa kodi, atabisha hodi kwenu. Miaka 9 amekaa akijua kwamba aliletwa. Asikie kwa masikio yake kwamba hafukuzwi.