Cheche za sweta, mnara wa simu na urani ya Bahi: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka Dodoma mjini, wilaya za mkoa wake na kwa jirani zetu wa Manyoni, mkoani Singida, na mengi yanauliza jambo moja kwa sura tofauti: kitu hiki kina nguvu kiasi gani, na kinaweza kunidhuru?

Mwalimu, kila ukifika mwezi wa saba nikivua sweta usiku linaalika na kutoa cheche za bluu. Nikishika kitasa cha mlango napigwa shoti. Mume wangu alileta fundi, akakagua waya zote na hakuona kasoro. Tatizo liko wapi? (Mama, Nkuhungu)

Fundi hajakosea, mama. Umeme huo hautoki ukutani, mnautengeneza wewe na sweta lako. Kila atomu ina kiini chenye protoni za chaji chanya, na kukizunguka ziko elektroni za chaji hasi. Zikilingana idadi, huoni dalili yoyote ya umeme. Sweta la akriliki likisuguana na shati la pamba, baadhi ya elektroni za juujuu huhama, upande mmoja ukabaki na ziada na mwingine na upungufu. Hata Dar es Salaam hutokea hivyo, ila kule unyevu wa hewa huacha utando mwembamba wa maji juu ya nguo na chaji huvujia humo. Kiangazi cha Dodoma hakina unyevu huo. Chaji hujikusanya hadi ipate njia, na njia yenyewe ni kidole chako na kitasa.

Cheche hiyo inaweza kufika volti elfu kadhaa, wakati soketi yako ni volti 230. Usishtuke. Volti hueleza kila chaji inasukumwa kwa kiasi gani, lakini haielezi chaji ziko ngapi. Zilizo mwilini mwako ni chache, huisha kufumba na kufumbua, na nishati yake yote ni sehemu chache tu za elfu za jouli. Soketi haiishiwi. Itaendelea kusukuma mkondo mpaka utenganishwe nayo, na sehemu moja ya kumi ya ampea ikipita kifuani inatosha kuvuruga mapigo ya moyo.

Paka mafuta mikononi, vaa pamba, na gusa kitasa kwanza kwa ufunguo ulioushika vizuri. Pa kuogopa cheche ya namna hii ni kituo cha mafuta: dumu la petroli liwekwe chini wakati wa kujazwa, lisijaziwe likiwa juu ya pikipiki.

Tumefundishwa kwamba elektroni hutembea polepole kwenye waya. Mbona nikiwasha swichi taa inawaka hapo hapo, na umeme unatoka mbali kama Mtera? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kongwa)

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Chukua waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, upitishe ampea 10. Ukikokotoa utapata elektroni zinasogea kwa wastani wa milimita 0.3 hivi kwa sekunde. Mita moja tu itazichukua karibu saa nzima!

Kinachokimbia ni msukumo. Ukisimama stesheni ya Dodoma treni ya mizigo inapoanza kuvuta, utasikia mlio wa mabehewa ukikimbia hadi mwisho wa treni ilhali behewa la mbele halijasogea hata hatua moja. Waya nao umejaa elektroni tangu mwanzo. Ukiwasha swichi, uga wa umeme, yaani ule msukumo, husambaa kwa kasi inayoukaribia mwanga, ambao huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na elektroni zilizomo ndani ya balbu yenyewe huanza kusukumwa.

Tena umeme wa gridi yetu hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Elektroni huenda mbele na kurudi nyuma umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Na njiani kuna transfoma, ambamo koili mbili hazigusani: nishati huvuka kwa uga wa sumaku, elektroni hazivuki. Kwa hiyo hakuna elektroni ya mitambo ya Mtera inayofika Kongwa. Zilizo kwenye waya za kwenu zilikuja na waya wenyewe kutoka dukani. Ukinunua LUKU unanunua nishati, na uniti moja ni jouli milioni 3.6, sawa na pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima bila kukatika.

Redio yangu ya zamani mchana inakoroma tu, lakini usiku masafa ya kati yananiletea stesheni za nchi za mbali. Kwa nini? (Mzee, Mpwapwa)

Shikamoo, mzee. Mchana miali ya jua hubandua elektroni kwenye atomu za hewa ya juu, na tabaka la kati ya kilomita 60 na 90 hivi hunyonya mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama, elektroni hizo hurudiana na atomu zao na tabaka hilo hutoweka. Mawimbi hupanda hadi matabaka ya juu zaidi, huakisiwa, na kushuka tena mbali sana. Mawimbi ya FM hayaakisiwi hivyo, hupenya na kwenda zake.

Karibu na shule ya mwanangu umejengwa mnara wa simu. Watu wanasema ile ni mionzi kama ya bomu la atomiki. Nimhamishe? (Mzazi, Chamwino)

Usimhamishe kwa sababu hiyo. Mawimbi ya redio, mwanga na eksirei ni ukoo mmoja. Mwanafizikia Maxwell alieleza kwa hesabu mwaka 1865 kwamba mwanga ni wimbi la sumakuumeme, na miaka ya 1880 mwenzake Hertz akazalisha mawimbi ya redio maabara. Yanachotofautiana ni nishati ya kila fotoni, yaani kila kipande kimoja cha wimbi. Mionzi ya bomu hudhuru kwa kung'oa elektroni za atomu za mwili, na kung'oa elektroni ya atomu ya haidrojeni kunahitaji elektroni-volti 13.6 (elektroni-volti ni kipimo kidogo mno cha nishati). Fotoni ya simu ya megahezi 900 ina kama 0.0000037. Hata zikija nyingi kiasi gani, hazisaidiani kuing'oa. Zinachoweza ni kupasha joto, na joto hilo ni la kumhofia fundi aliyepanda hadi mbele ya antena, si mtoto aliye darasani.

Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa finyu. Jua limo katika kundi la vile vilivyothibitika. Fotoni zake za urujuanimno huharibu vinasaba vya ngozi moja kwa moja. Naumia kuona mtoto mwenye ualbino akisimamishwa paredi saa nne asubuhi bila kofia, huku wazazi wakijadili mnara.

Tunasikia ardhi yetu ina urani. Tuko salama? (Mkulima, Bahi)

Hapa nguvu iko ndani ya kiini. Urani ina protoni 92 zinazosukumana, na ile iliyo nyingi, urani-238, kiini chake hutupa chembe ya alfa, yaani kipande kidogo cha kiini hicho, yenye elektroni-volti kama milioni 4.2. Linganisha na fotoni ya simu hapo juu. Lakini hutokea polepole mno: nusu ya atomu zake huchukua miaka bilioni 4.5 kuvunjika, na alfa huzuiwa na karatasi au ngozi ya juu. Jiwe likikaa shambani si kitisho. Kunywa au kuvuta vumbi lake ni jambo lingine, kwa sababu hapo alfa inatua kwenye seli hai, na urani yenyewe ni metali inayoumiza figo. Dai maji ya kisima chenu yapimwe maabara. Kuchemsha hakuondoi urani.

Radi ikipiga tufunike vioo na kuvua nguo nyekundu? (Kijana, Manyoni)

Hapana. Radi haichagui rangi wala kioo, huelekea zaidi kitu kirefu kilichosimama peke yake. Kwa hiyo ondoka chini ya mbuyu. Ingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa madirisha, kaa mbali na waya na mabomba, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.