Bibi anaanguka alfajiri: tuanzie wapi?

SWALI: Bibi yetu ana miaka 78 na tunaishi naye Mabatini, juu kwenye mawe. Ana presha, kisukari na maumivu ya magoti, na kila ugonjwa una kliniki yake. Mwezi huu ameanguka mara mbili akienda chooni alfajiri. Tumnunulie fimbo?
Mjukuu, Mwanza

JIBU: Poleni sana. Fimbo itafuata, anzeni na dawa. Kila anachomeza, pamoja na vidonge vya duka la dawa na mitishamba, kitieni kwenye mfuko mmoja, kisha daktari au mfamasia mmoja avipitie vyote. Diklofenaki ya magoti hupandisha presha na kuumiza figo. Daktari wa presha asipoambiwa, ataongeza dozi bure. Glibenklamidi ya kisukari nayo hukawia mwilini figo zikichoka, na bibi akilala bila kula vizuri, sukari hushuka usiku. Akiamka anatetemeka au ana kizunguzungu, mpimeni sukari hapo hapo. Ikiwa chini ya 4 (milimoli kwa lita) na anaweza kumeza, mpeni vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15. Lakini msimwachishe dawa kwa uamuzi wenu.

Mwombeni nesi apime presha bibi akiwa amelala kwa dakika 5, kisha akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Fimbo ichaguliwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Mpini ufike kwenye kifundo cha mkono bibi akisimama wima, naye aishike kwa mkono ulio kinyume na goti linalomsumbua zaidi. Nyingi za sokoni ni ndefu mno, zikatwe na kuvishwa mpira chini, maana mawe yenu huteleza mvua ikinyesha. Usiku wekeni ndoo yenye mfuniko na taa karibu na kitanda.

Mtu mmoja, si yeyote aliye na nafasi, ashike daftari moja la vipimo na dawa na kwenda nalo kila kliniki. Tunalisisitiza hili kuliko yote, kwa sababu wataalamu hawa huenda wasikutane kabisa isipokuwa humo.

Kama gharama zinawalemea, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu. Anzieni ofisi ya serikali ya mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii.