Haibridi za obitali: anzeni na umbo la molekuli

Wadogo zangu mnaoanza kemia ya kaboni mwaka huu, mada ya haibridi, yaani obitali (maeneo ya elektroni kuzunguka kiini cha atomu) zilizochanganywa kuwa mpya, itulizieni akili mapema, kwa sababu itawafuata hadi mtihani wa mwisho. Wengi huishia kuchora visanduku vya elektroni: wanahamisha moja kutoka 2s kwenda 2p, wanaandika sp3, wanafunga daftari. Visanduku hivyo havikuambii kwa nini wazo lenyewe lilihitajika.

Lilihitajika kwa sababu ya umbo. Ukiitazama kaboni ikiwa peke yake, ina elektroni mbili tu zisizo na mwenza, kwenye obitali za 2p, kwa hiyo ungetegemea bondi mbili zenye nyuzi 90 kati yake. Methani haiko hivyo. Ina bondi nne za urefu mmoja, na kati ya kila mbili kuna nyuzi 109.5. Mwaka 1931 Linus Pauling alionyesha kwamba ukichanganya obitali moja ya s na tatu za p, unapata nne zinazolingana, zinazoelekea vipeo vya tetrahedroni (umbo lenye pande nne za pembetatu); hizo ndizo sp3, yaani s moja na p tatu. Umbo lilijulikana kwanza, haibridi zikaja kulieleza. Mkilishika hilo, mengine yote yanakuwa mepesi.

Kwenye karatasi, hesabu bondi za sigma za atomu husika (sigma ni bondi ya kwanza kati ya atomu mbili), ongeza jozi za elektroni zisizo kwenye bondi. Ukipata 4 ni sp3, 3 ni sp2, 2 ni sp. Bondi ya pai, ile ya pili au ya tatu kati ya atomu zilezile, iache, hiyo inatumia obitali ya p ambayo haikuchanganywa.

Ila kuna mtego ambao watahini wanaupenda sana. Chukua parasetamoli. Naitrojeni yake ina bondi tatu na jozi moja, hesabu inasema sp3. Lakini jirani yake ni kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili, na ile jozi inasambaa kuelekea huko. Ili isambae lazima ikae kwenye obitali ya p, hivyo naitrojeni ni sp2 na sehemu hiyo ya molekuli ni bapa. Kabla ya kujibu swali lolote la naitrojeni au oksijeni, angalia jirani.

Na msiishie kwenye pembe. Obitali ya s iko karibu na kiini, kwa hiyo haibridi yenye s nyingi huzishika elektroni kwa nguvu zaidi, na hidrojeni iliyofungwa hapo huachia protoni kirahisi zaidi, kama asidi. Ndiyo maana ethaini, gesi ya mafundi wa kuchomelea, ina pKa (kipimo cha asidi: ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ya takriban 25 wakati ethani iko karibu na 50. Sp ina nusu ya s, sp3 ina robo tu. Kila nambari moja ya pKa ni mara kumi, kwa hiyo pengo hilo ni kubwa mno.

Leo jioni chora aspirini. Ina kaboni tisa, nane ni sp2. Itafute ile moja ya sp3.